Nyumba Iliyoinamia Jikoni

Nyumba yetu tuliinunua kwa simu. Naanza na hilo kwa sababu kila ninayemsimulia huniuliza, "Kwani hamkwenda kuiona?" Hatukwenda. Ulikuwa mwaka wa pili wa korona, Sydney imefungwa, na sisi wa pande za Minto na Campbelltown tumefungiwa kwa komeo la ziada. Muuzaji alikuwa bibi wa Kizungu wa miaka themanini na kitu, na hakutaka mtu yeyote akanyage sakafu yake kabla yeye hajaondoka. Kama tunaitaka nyumba, alisema, atatutembeza kwa video.

Tuliitaka. Mkataba wa nyumba tuliyopanga Minto ulikuwa unakwisha, na mwenye nyumba alitaka kumweka mwanawe. Watoto wetu walishaoa na kuolewa, tumebaki wawili: mimi ninayehudumia wazee kwenye makao yao, na mume wangu aliyeendesha foklifti ghalani mpaka mgongo ukamgomea. Nyumba ya matofali hatukuiweza. Hii ilikuwa nyumba ya kuhamishika, zile ndefu zinazoletwa kwa lori zikiwa zimekamilika, zikashushwa juu ya nguzo fupi za matofali ya saruji, na mabati yakazungushwa chini kama sketi ili uvungu usionekane. Nyumba inakuwa yako, uwanja unapanga. Uwanja wenyewe ulikuwa nje kidogo ya Campbelltown, na nyumba nyingine kama hizo zimepangwa safu, zikitazamana.

Tukakaa mezani, simu tumeiegemeza kwenye chupa ya chai. Bibi alitembea taratibu kutoka chumbani mpaka jikoni, akituonyesha. Sakafu safi, dari safi, kila kitu kimenyooka. Kitu kimoja tu kilinisumbua.

"Mbona mapazia yamekwenda upande?" nikamuuliza mume wangu.

"Upepo."

"Madirisha yamefungwa, baba watoto."

Akasogeza uso karibu na kioo. Mapazia yote ya nyumba ile yalining'inia yakielekea jikoni, na taa ya sebuleni nayo pia. "Basi ni simu," akasema. "Simu za wazee hizo."

Mpaka leo sijui kama yule bibi alikusudia. Alikuwa ameishi mle miaka ishirini, na siku ya kukabidhiana funguo nilimwona amesimama kando ya gari la binti yake, shingo ameiinamisha upande mmoja. Nadhani mkono wake uliishika simu vile ulivyozoea, imeinama kama nyumba. Funguo alikuwa amezining'iniza kwenye uzio ndani ya mfuko wa plastiki, zinanuka dawa ya kuua vijidudu. Alitupungia, akaenda zake.

Nilipovuka kizingiti nilihisi kama kuna mtu amenisukuma mgongoni, kwa adabu, niende jikoni. Mume wangu aliingia nyuma yangu amebeba sanduku la vyombo na mfuko wa vitunguu. Mfuko ukachanika. Vitunguu vyote, hakikubaki hata kimoja, vilibingirika sebuleni, vikapita kwenye korido, vikaenda kujipanga chini ya sinki. Tulisimama tukavitazama.

"Si upepo huu," nikasema.

Upande wa jikoni ulikuwa umezama karibu shibiri nzima. Ukiambiwa hivyo unaona ni kidogo. Kaa humo. Mafuta yalikusanyika upande mmoja wa kikaango, chapati zangu zikatoka nusu zimeungua na nusu mbichi. Chai uliimimina kikombe kisijae, maana ikijaa upande huu ilimwagika upande ule. Kibla kwetu huku ni magharibi na magharibi ndiko kulikokuwa jikoni; nikisujudu damu ilinijaa kichwani, na kuinuka ilikuwa kama kupanda ngazi. Usiku tulilala vichwa juu, asubuhi tukaamka wote wawili tumejikunja miguuni mwa kitanda.

Binti yetu alituona kwenye video akacheka mpaka akakohoa. Sisi twamsemesha Kiswahili, yeye hujibu Kiingereza, na siku hiyo alisema tuonane na mwanasheria. Nikamwambia mimi nataka fundi, mwanasheria hawezi kunipikia chapati.

Mume wangu hakutaka mwanasheria wala fundi. Alikuwa hana kazi, hana pa kwenda, na ana msumeno. Mtu wa namna hiyo ni wa kumwogopa. Siku ya kwanza alikata miguu miwili ya kitanda, ile ya upande wa juu, kitanda kikawa sawa. Nilimshukuru. Siku ya pili akakata meza, halafu kabati la nguo, halafu kochi. Nilikuwa kazini, siwezi kumzuia. Viti ndivyo vilivyomkorofisha, kwa sababu kiti hugeuzwa. Ukikikata kikae sawa kikitazama jikoni, ukikigeuza kitazame mlango kinakumwaga mara mbili zaidi. Akatumia siku nzima akifikiri, kisha akachora mshale wa chaki kwenye kila kiti kuonyesha mguu upi uelekee jikoni. Viti viwili vilikatwa vitazame mashariki na viwili magharibi. Nikirudi kutoka zamu ya asubuhi, nimechoka, nilianza kwa kusoma kiti kabla ya kukikalia.

"Umeona?" akaniambia. "Nyumba haina tatizo tena."

Wiki hiyohiyo zikaja barua mbili kutoka ofisi ya uwanja. Ya kwanza ilisema nyumba yetu imeinama kinyume cha kanuni na lazima inyooshwe ndani ya siku thelathini. Ya pili, yenye saini ileile, ilisema kwa ajili ya afya ya wakazi hakuna fundi yeyote atakayeruhusiwa kupita getini mpaka itakapotangazwa tena. Mume wangu alizisoma zote mbili, akazipanga juu ya meza bapa bapa, akaniuliza tutii ipi.

Mwenzangu mmoja kazini, dada wa Kikongo, akanipa namba ya mtu wa kwao anayeinua nyumba za namna hii. Alitoka Uvira, akaishi kambi ya wakimbizi miaka mingi, sasa anakaa Lidcombe. Nilimpigia wakati wa mapumziko.

"Mama," akasema, "nyumba iko inalala upande gani?"

"Upande wa jikoni."

"Njo vile. Jikoni iko mzito. Friji, jiko, sahani. Nyumba zote zinalalaka jikoni. Mimi nitakuja."

Lakini Lidcombe nako kulifungwa. Kazi yake haikuwa kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kuvuka. Akapiga simu serikalini kuuliza ruhusa, na baadaye akanisimulia mazungumzo yenyewe. Aliyepokea simu alimuuliza kama jengo liko katika hatari ya kuanguka. Fundi ni mlokole, hasemi uongo. Akajibu kwamba ndiyo, linaanguka, lakini polepole. Polepole kiasi gani? Labda miaka kumi, kumi na tano. Yule mtu akamshukuru kwa kupiga simu na kumtakia siku njema.

"Bon," fundi akaniambia. "Mimi siwezi kupita. Lakini vyombo vinaweza kupita."

Ilikuwa kweli. Jeki zake zilikuwa na ruhusa ya kuvuka, mwenyewe hana. Siku mbili baadaye gari la mizigo likaacha getini sanduku zito la mbao. Dereva aliliweka chini, akalipiga picha, akaondoka mbio kama amekuja kutega bomu. Ndani mlikuwa na jeki mbili zenye umbo la chupa, kabari, vibao vigumu vya plastiki vya kuwekea chini ya nguzo, na pimamaji ya kupimia usawa kwa kiputo cha hewa, ndefu kama mkono wangu, imefungwa kwa taulo.

Tuliweka simu mezani, fundi akatuangalia wote wawili.

"Nani ataingia chini?"

Mume wangu alinyoosha mgongo wake, ukalia. Hilo ndilo likawa jibu.

"Mama watoto hawezi," akasema hata hivyo. "Nyumba si mgonjwa."

Nikamwambia nyumba ni mgonjwa hasa. Kazi yangu ni kuinua watu wazito wasioweza kujiinua. Kila siku namvisha mtu mkanda wa mashine, namweleza ninachotaka kufanya, nampandisha kidogo, nasimama, namtazama usoni, nampandisha tena. Ukimpandisha kwa pupa anapiga kelele, anakushika nywele. Fundi alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama," akasema, "wewe uko fundi tayari. Ni mgonjwa tu umebadilisha."

Akanipa sheria zake, akanitaka nizirudie kwa sauti kama mtoto wa madrasa. Mwili wangu usiingie uvunguni hata mara moja wakati jeki inafanya kazi. Mkono tu na ule mpini mrefu. Kila nikipandisha kidogo, niweke tofali au kabari kabla ya kupandisha tena. Na haraka, hapana.

Tulianza asubuhi ya siku yangu ya mapumziko. Nilifungua mabati ya sketi upande wa jikoni nikamulika tochi. Ugonjwa ukaonekana palepale. Bomba la sinki lilikuwa limevuja miaka na miaka, mbao zilizolala chini ya nguzo zimeoza zimekuwa kama ubuyu uliolowana, na nguzo zimedidimia kwenye tope. Mume wangu alikaza bomba. Tukasubiri juma zima udongo ukauke, na wiki iliyofuata, siku kama ile, nikaanza tena.

Hapo jirani wa mbele alikuwa ameshajua kila kitu. Alikuwa mama mtu mzima, mwenyeji wa hapa, mjane, anayekaa barazani kwake tangu asubuhi na kikombe chake, na kwa kuwa hakuruhusiwa kusogea, alituzungumzisha kwa kupiga kelele kuvuka barabara. Alikuwa ametuambia siku ya kwanza kwamba nyumba yetu inazama. Siku ya kuinua alitoka na mwiko wa kupikia, akaunyoosha mbele ya jicho moja, akawa anaulinganisha na ukingo wa paa letu.

"Bado!" alipiga kelele kabla sijaanza.

Mimi nimelala kifudifudi kwenye majani nje ya jikoni, barakoa usoni, maana jirani alisisitiza. Mume wangu yuko ndani na simu na pimamaji, akipita chumba kwa chumba na kumwonyesha fundi kile kiputo cha hewa. Fundi anamwambia yeye, yeye ananipigia kelele mimi dirishani, mimi nabonyeza mpini.

"Tano!" Nikabonyeza mara tano. Nikaweka kabari.

"Anasema iache ipumue!"

Nikaiacha ipumue. Nyumba ililia kweli, mlio mrefu kama wa mtu mzima anayeamka kitini. Nikajikuta nasema, kama ninavyowaambia wazee wangu kazini, "Pole mama, pole, tunakaribia."

Tuliendelea hivyo kwa muda wa karibu saa mbili. Kisha fundi akataka kuona kiputo kilivyo katikati ya nyumba, yaani bafuni. Mume wangu akaingia bafuni na simu na pimamaji, na kwa mazoea ya miaka sitini akafunga mlango. Wakati huohuo mimi nikabonyeza ile ya tano. Pakatoka mlio kama tawi limevunjika.

Nikasikia kitasa kikichezwa. Halafu kikachezwa kwa nguvu.

"Mama watoto."

"Naam."

"Mlango haufunguki."

Tulikuja kufahamu baadaye. Yule bibi, nyumba ilipokuwa ikiinama, alikuwa akiichonga milango kidogo kidogo ili iendelee kufunga. Milango yote ilikuwa na umbo la nyumba iliyopinda. Sasa nyumba inanyooka, milango inabana. Na dirisha la bafuni lilikuwa dogo, la juu, kiasi cha kupitisha kichwa cha mume wangu na mkono mmoja wenye simu.

Hivyo ndivyo walivyotukuta askari polisi mmoja na mwanajeshi kijana, ambao siku zile walizunguka pamoja mitaa yetu kuangalia kama watu wametulia majumbani. Walisimama barabarani. Waliniona mimi, mwanamke wa miaka hamsini na nane, mtandio umejaa majani, nimelala chini nimeshika mpini unaoingia uvunguni. Waliona kichwa cha mwanamume kimetokea dirishani. Walisikia sauti ya tatu ikitoa amri kwa Kiswahili.

"Mko wangapi hapa?" polisi akauliza.

"Wawili."

"Na huyo anayesema?"

"Yuko Lidcombe."

Mume wangu akageuza simu, fundi akawapungia mkono. Aliwasalimu kwa heshima kubwa, akavua na kofia. Polisi akaniuliza mume wangu amefungiwa na nani. Nikasema na nyumba. Akamtazama mwenzake. Jirani akaona ndiyo nafasi yake, akapiga kelele kutoka ng'ambo kwamba sisi ni watu wazuri, ila upande wa kushoto bado.

Mwanajeshi alichuchumaa mbali na mimi, hatua mbili kama inavyotakiwa, akachungulia uvunguni. Akatikisa kichwa taratibu. "Yule mama anasema kweli," akasema. "Kushoto bado kidogo." Polisi akafungua kidaftari chake, akafikiri, akakifunga. Wakatutakia kila la heri wakaenda nyumba inayofuata.

Sasa fundi akatoa shauri lake, na alilitoa kwa upole, kama daktari. "Mama, tukishusha nyumba, papa atatoka, lakini kazi yote imekufa. Tukipandisha, fremu itakuwa sawa kabisa, mlango utajifungua. Labda."

"Labda?" nikauliza.

"Mimi sijaona ule mlango, mama."

Nikamtazama mume wangu pale dirishani. Uso wake ulikuwa umevimba kwa kubanwa, na kwa mara ya kwanza tangu tuhamie alionekana ana furaha, maana kitu kikubwa kilikuwa kinatokea na yeye yuko katikati yake.

"Pandisha," akasema.

Nilipandisha. Mbili, kabari. Mbili, kabari. Nilikuwa nikisoma kila dua ninayoijua, ya safari, ya mvua, ya kuingia chooni. Mara nikasikia mume wangu akisema "Ah," kwa sauti ndogo. Kichwa kikatoweka dirishani. Mlango wa bafuni ulikuwa umefunguka wenyewe, polepole, kama umefunguliwa na mgeni. Akatoka nje na pimamaji ameibeba mikono miwili, kiputo kimetulia katikati kabisa, na kule barazani jirani akashusha mwiko wake.

Tuliingia ndani kunywa chai ya kusherehekea. Nyumba ilikuwa sawa. Meza ilikuwa imeinama. Kochi lilikuwa limeinama, kabati limeinama na mlango wake unajifungua kila ukiufunga, kitanda kimeinama, na viti vinne, vyenye mishale yake, viwili vilielekea huku na viwili kule. Nilikaa kwenye kimojawapo, nikaanza kuteleza. Mume wangu alisimama katikati ya sebule, akavitazama vitu vyake kimoja kimoja. Nilidhani atakasirika. Akaniuliza kama ile miguu aliyoikata nimeitupa.

"Nimeitupa," nikasema.

Akaenda kutafuta mbao.

Samani aliziunganisha miguu kwa siku nne. Miili yetu ilichukua muda zaidi. Kwa wiki mbili hivi tulitembea tumejiegemeza nyuma, tukizuia mteremko ambao haupo. Nilipata kizunguzungu kwenye sujudu kwa sababu sakafu ilifika paji la uso kabla sijaitarajia. Kazini msimamizi alinitazama nikipita kwenye korido, akaniuliza kama nyonga inaniuma, na nikapimwa joto kwa tahadhari.

Fundi alikuja mwezi wa kumi, zuio lilipolegezwa. Tulikuwa tumezungumza naye saa nyingi na hatujawahi kumwona miguu. Kumbe ni mfupi. Alileta sombe ya mkewe, kisamvu cha kwao, kwenye chombo cha plastiki. Kabla ya kula alilala chini uvunguni, akagonga kila nguzo kwa kifundo cha kidole, akakaa huko mpaka mume wangu akaanza kuomba radhi kwa lolote. Akatoka amejaa vumbi.

"Mama, hii umefanya wewe?"

"Mimi."

"Ningekuja mimi, ningefanya hivyohivyo. Ila ningemaliza kwa saa moja."

Tulikuwa bado tunakula sombe na wali, jirani akaja. Kwa mara ya kwanza alivuka barabara. Alisimama mlangoni, akageuka akatazama nyumba yake kutoka kwetu, na rangi ikamtoka. Miaka yote alikuwa ameitazama nyumba ile tuliyoinunua akiihurumia, na yake akiiona imenyooka. Sasa yetu ilikuwa imenyooka kweli, na yake, ukiitazama kutoka mlangoni kwangu, ilikuwa imelala jikoni kama zote.

"Tangu lini?" akaniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyemfanyia.

Fundi aliacha kijiko. Mchana ule tulipita safu nzima, yeye na pimamaji, mimi nikibisha hodi kwa kuwa wenyeji walinizoea kwa kunitazama nimelala chini, mume wangu nyuma na daftari. Nyumba kumi na moja, mbili tu zilizokaa sawa. Watu walitoka nje na pajama zao kutazama kiputo. Mmoja alidai pimamaji yetu ndiyo mbovu. Wengine wakataka fundi aanze palepale, na kazi hiyo ilimweka pale uwanjani mpaka karibu na Krismasi; nilimsaidia siku za mapumziko, na mwili wangu haukuingia uvunguni hata mara moja.

Nyumba ya mwisho mchana ule ilikuwa ya mzee aliyewahi kuendesha treni. Kwake palikuwa pabaya kuliko kwetu, lakini alikataa tusiguse kitu. Alinikaribisha ndani nione kwa nini. Kitanda chake alikiweka kichwa upande wa jikoni, chini, miguu upande wa juu. Akapandisha suruali.

"Daktari alinihangaikia uvimbe huu miaka mingi," akasema. "Nyumba ilipoanza kuzama, ukaanza kupungua."

Nilipiga magoti, nikabonyeza mfupa wa mguu kwa kidole gumba kama ninavyofanya kazini, nikahesabu kimoyomoyo. Shimo la kidole lilikuwa dogo, likajaa upesi. Miguu mizuri kwa mtu wa umri wake. Nikamwuliza kama kichwa kinamuuma asubuhi, akasema hapana. Nikamshauri aongeze mto mmoja.

Nje, mume wangu alikuwa ameshika kalamu akisubiri. Fundi akaniuliza, "Mama, na hii?"

"Hii iacheni," nikasema. "Andika sawa."

Mume wangu akaitazama ile nyumba, akanitazama mimi, akaandika.